Barua ya wazi kwa wanaotoa vibali vya kazi: kwanza hesabuni siku

Kwa: Wakuu wa idara za uhamiaji, mawaziri wa kazi, na wakurugenzi wa rasilimali watu katika nchi na mashirika yanayoajiri wafanyakazi kutoka nje

YAH: KIBALI CHA KAZI KINACHOMFUNGA MTU KWA MWAJIRI MMOJA

Waheshimiwa,

Salamu za heshima ziwafikie popote mlipo.

Tunawaandikia hadharani kwa sababu njia ya faragha imegonga mwamba. Haya tunayoyaeleza yamekwisha kufika mezani kwenu kwa fomu, kwa barua pepe na kwa barua zenye saini. Idara ya uhamiaji hujibu kwamba hilo ni suala la kazi. Wizara ya kazi hujibu kwamba hilo ni suala la uhamiaji. Ofisi ya rasilimali watu hujibu kwamba inafuata sheria za pande zote mbili. Sisi shughuli yetu ni kuwasomea wafanyakazi wahamiaji mikataba yao, kuwahesabia siku za viza na kuwapangia nyaraka za mashauri, na tunajua vizuri kinachotokea katikati ya ofisi hizo tatu: haki ya mtu huingia pale isitoke tena.

Hoja yetu ni moja. Watu wakilinganisha nchi za kufanyia kazi, huzungumzia tabia. Husema Mjerumani hapendi kupigiwa simu jioni, Mmarekani hukuchekea asubuhi na kukuachisha kazi mchana, Mjapani haondoki ofisini kabla ya mkubwa wake, Mswidi husimamisha shughuli ili watu wanywe kahawa pamoja. Ukweli umo ndani yake. Lakini kwa mgeni, utamaduni wa kazi huanzia kwenye masharti ya kibali chake. Wawili wanaoketi meza moja chini ya meneja mmoja, mzawa na mgeni, hawafanyi kazi katika utamaduni mmoja. Mzawa akisema "hapana" anahatarisha mshahara. Mgeni akisema "hapana" anahatarisha mshahara, nyumba, shule ya watoto na haki yenyewe ya kuwapo nchini. Semina za kumfundisha namna ya kusalimiana na kutazamana machoni hazigusi jambo hilo hata kidogo.

Malalamiko yetu ni haya.

1. Siku mnazompa mtu baada ya kupoteza kazi hazitoshi, na namna mnavyozihesabu inazipunguza zaidi.

Swali la kwanza la kuuliza kuhusu nchi yoyote ni hili: kazi ikiisha leo, mtu huyu ana siku ngapi? Nchini Singapore, mtaalamu mwenye Employment Pass, yaani kibali cha kazi cha wataalamu, ikishafutwa hupewa kwa kawaida siku 30. Marekani, mwenye viza ya H-1B, ile ya kazi zinazohitaji shahada, ana hadi siku 60. Uingereza nayo kwa kawaida hutoa siku 60. Uswidi ni miezi 3. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya 2021 kuhusu Blue Card, kibali cha wataalamu kutoka nje ya Umoja huo, inampa mtu miezi 3, au miezi 6 akiwa amekwisha kuishika kadi hiyo kwa miaka 2. Australia, tangu Julai 2024, inatoa hadi siku 180 kwa mkupuo mmoja, na jumla isiyozidi siku 365 katika maisha ya viza.

Orodha hiyo bado haisemi yote, kwa sababu siku 60 za nchi moja si siku 60 za nyingine. Tuzifungue zile za Marekani moja baada ya nyingine. Kanuni ilianza Januari 2017. Hesabu huanza siku inayofuata ile ya mwisho ya ajira, na malipo ya kuachishwa kazi hayaongezi hata siku moja. Muda wa kukaa ulioandikwa kwenye rekodi ya kuingia nchini ukiisha kabla ya siku hizo 60, basi nazo zimeishia hapo. Mwajiri mpya akipatikana, lazima kwanza apate ithibati ya wizara ya kazi kuhusu kiwango cha mshahara, nayo huchukua siku 7 za kazi, yaani siku 9 hadi 11 za kalenda zikihesabiwa pamoja na wikiendi na sikukuu. Kisha wakili anahitaji vyeti vya elimu, nakala ya pasipoti, hati za mishahara ya karibuni na maelezo ya kazi mpya yanayothibitisha kwamba inahitaji shahada. Hiyo ni wiki moja ikiwa mwajiri ni mwepesi. Ombi lenyewe lazima liwe limefika kabla ya siku ya 60. Toeni hizo zote, mtabaki na takriban siku 42 za kutafuta kazi, kufanya usaili raundi tatu au nne na kupata barua ya ajira. Anayepunguzwa kazini mwanzoni mwa Desemba anazipoteza wiki mbili kwa sababu tu ofisi zimefungwa.

Marekani hata hivyo ina nafuu moja ambayo Uingereza haina. Chini ya sheria ya mwaka 2000, mwenye H-1B anaweza kuanza kazi kwa mwajiri mpya ombi likishapokelewa, bila kungoja uamuzi. Uingereza, mwenye viza ya Skilled Worker, yaani ya mfanyakazi mwenye ujuzi, hungoja hadi ombi jipya likubaliwe ndipo aanze. Na siku zake haziwi na mwanzo anaoujua. Mwajiri ana siku 10 za kazi za kuripoti kwamba mtu ameondoka, kisha idara hutuma barua ya kufupisha viza kwa wakati wake yenyewe. Barua hiyo huweza kuja baada ya wiki tatu, huweza kuja baada ya miezi. Katika kipindi hicho mtu hajui kama asaini mkataba wa nyumba au auze vyombo. Tunayataja haya kwa kina kwa sababu kwenye majedwali yenu ya kulinganisha nchi, Marekani na Uingereza huwekwa mstari mmoja: "siku 60."

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: Australia imelishughulikia tatizo hili vizuri kuliko wengi. Ndani ya siku zake 180 mtu anaruhusiwa kufanya kazi kwa mwajiri mwingine, hata kazi isiyo ya fani yake, kwa hiyo analipa kodi ya nyumba huku akitafuta mdhamini mpya. Kwetu sisi tofauti kubwa iko hapo, pengine kuliko hata ukubwa wa tarakimu yenyewe. Siku 180 za kukaa bila ruhusa ya kuchuma ni siku 180 za kula akiba, na mwenye akiba ndogo hatazimaliza.

2. Karatasi ya mtu imeshikwa na mwenye maslahi ya kumzuia.

Tukitaja kafala, utaratibu wa nchi za Kiarabu wa kumweka mfanyakazi mgeni chini ya udhamini wa mwajiri wake, wengi wenu huangalia upande wa Ghuba na kujiona salama. Kwa hiyo tuanzie huko. Qatar ilifuta sharti la ruhusa ya mwajiri katika kubadili kazi mwaka 2020, na Machi 2021 ikaweka kima cha chini cha riyali 1,000 kwa mwezi, pamoja na 500 za malazi na 300 za chakula pale mwajiri asipovitoa mwenyewe. Saudi Arabia ilirahisisha kuhama kazi Machi 2021, lakini ikawaacha nje wafanyakazi wa majumbani, ambao ndio wanaofungiwa mlango kuliko wote. Na hata pale sharti la ruhusa lilipoondolewa, ilibaki silaha nyingine: ripoti ya kutoroka. Mwajiri akiripoti kwamba mfanyakazi ametoroka, mfanyakazi huweza kuhesabiwa mkosaji, na ni yeye atakayehangaika kuthibitisha kwamba aliondoka kwa sababu hakulipwa. Sheria inayompa mtu haki ya kuhama, huku ikimwachia mwajiri uwezo wa kumgeuza mhalifu kwa ripoti moja, imempa ufunguo wa mlango uliopigiwa misumari.

Sasa tutazame kwingine. Japani iliendesha tangu 1993 mpango wa "wanagenzi wa ufundi" ambao haukuwaruhusu kubadili mwajiri kwa hiari yao. Sheria ya kuubadilisha ilipitishwa Juni 2024 na utaratibu mpya unapaswa kuanza 2027, ambapo mtu ataweza kuhama baada ya mwaka mmoja au miwili, tena kwa masharti ya lugha na ujuzi. Korea Kusini, kwenye mfumo wake wa vibali ulioanza 2004, mfanyakazi huruhusiwa kubadili kazi mara tatu tu ndani ya miaka 3, na kwa sababu zinazokubalika. Kanada hutoa vibali vilivyofungwa kwa mwajiri mmoja aliyetajwa kwenye karatasi. Mwaka 2019 ilianzisha kibali huru kwa mfanyakazi anayenyanyaswa. Ni hatua njema, ila mwombaji anatakiwa kuleta ushahidi wa unyanyasaji: ujumbe, picha, hati za mishahara, maelezo ya daktari. Anayelala kwenye nyumba ya mwajiri na kupanda gari la mwajiri ana nafasi gani ya kukusanya hayo?

Majina yanatofautiana. Huko ni kafala, hapa ni udhamini, kule ni mafunzo. Kipimo chetu ni kimoja: je, mtu anaweza kuhama kwa kutoa taarifa, au lazima aombe?

Hapo hapo kuna suala la deni. Mikataba mingi ya kuajiri kutoka nje ina kifungu cha kurudisha gharama mtu akiondoka mapema. Baadhi ya gharama haziruhusiwi kabisa kutwishwa mfanyakazi. Uingereza, tangu mwisho wa 2024, inamkataza mwajiri kumdai mfanyakazi ada ya leseni ya udhamini na ya cheti cha udhamini. Nyingine zinaruhusiwa, na ndizo kubwa. Ada ya afya ya wahamiaji huko ni pauni 1,035 kwa mwaka kwa mtu mzima, hulipwa yote kwa pamoja, kwa hiyo viza ya miaka 5 ni pauni 5,175 kabla ya kupanda ndege. Mwajiri akiilipa, huiandika kama mkopo.

Tunaposoma kifungu hicho tunatafuta ratiba ya kupungua. Deni likiwa 6,000 na muda wa kufungwa na mkataba miaka 3, linapaswa kushuka kwa sehemu moja ya 36 kila mwezi. Anayeondoka baada ya miezi 14 angebaki na deni la takriban 3,667. Mikataba mibaya haina ratiba. Anayeondoka mwezi wa 35 anadaiwa 6,000 zote, sawa na aliyeondoka mwezi wa kwanza. Mibaya zaidi inasema deni hukatwa kwenye mshahara wa mwisho, ambao ndio nauli ya mtu. Mkichanganya siku 60 na deni la namna hiyo, msishangae kwa nini mfanyakazi wenu mgeni "hana malalamiko."

3. Saa na likizo zilizoandikwa si zile zinazofanyika, na mgeni ndiye anayebeba tofauti.

Kwenye karatasi nchi hizi ziko mbali sana. Umoja wa Ulaya unadai angalau wiki 4 za likizo yenye malipo, wastani wa saa za kazi usiozidi 48 kwa wiki na mapumziko ya saa 11 kati ya siku na siku. Ufaransa ina wiki ya saa 35 na wiki 5 za likizo, na tangu Januari 2017 inatambua haki ya kutojibu ujumbe wa kazi nje ya saa za kazi. Australia imeiweka haki kama hiyo tangu Agosti 2024. Marekani, sheria ya shirikisho haimlazimishi mwajiri binafsi kutoa hata siku moja ya likizo yenye malipo. Yote ni makubaliano ya mkataba.

Japani inafundisha jambo kuhusu umbali wa karatasi na ofisi. Sheria inampa mfanyakazi siku 10 za likizo baada ya miezi 6 ya kazi, lakini watu walikuwa hawazichukui. Aprili 2019 serikali ililazimika kumwekea mwajiri wajibu wa kuhakikisha kila anayestahili anachukua angalau siku 5. Wakati huo huo iliweka kikomo cha muda wa ziada: saa 45 kwa mwezi na 360 kwa mwaka, na katika hali maalumu hadi 720 kwa mwaka, bila kufika 100 katika mwezi mmoja. Mgeni anayesoma mkataba wa huko aangalie mshahara unaosema "umejumuisha muda wa ziada wa saa kadhaa." Kama zimejumuishwa saa 45, malipo ya ziada yanaanza saa ya 46, na mshahara uliomvutia kwenye tangazo si mshahara wa saa za kawaida. Waajiri wengi huandika hivyo kihalali. Wachache huwaeleza wageni maana yake kabla ya kusaini.

Lakini mfano unaotuumiza zaidi unatoka Uswidi, nchi inayosifiwa kwa kujali wafanyakazi. Kwa miaka kadhaa maombi ya kuongeza vibali yalikataliwa kwa sababu ya makosa madogo ya mwajiri. Bima fulani haikukatwa kwa miezi michache, au mshahara ulipungua kidogo chini ya kiwango cha makubaliano ya sekta, au mtu alichukua likizo pungufu ya ile iliyotakiwa. Mhandisi aliyefanya kazi kupita kiasi aliambiwa aondoke nchini kwa sababu hakupumzika vya kutosha. Waswidi wenyewe walilipa jambo hilo jina lenye maana ya kufukuza ujuzi. Desemba 2017 mahakama ya rufani ya uhamiaji iliamua kwamba hali ya mtu itazamwe kwa ujumla wake, na unafuu ukaanza kuonekana. Jambo la kuzingatia ni hili: aliyekosea ni mwajiri, aliyeadhibiwa ni mfanyakazi, na sheria iliyotumika ilitungwa ili kumlinda huyo huyo mfanyakazi.

4. Mnapima kazi ya watu kwa lugha msiyowafundisha.

Hatuzungumzii Kijerumani au Kijapani cha darasani. Tunazungumzia maneno ya tathmini. Ujerumani, anayeacha kazi ana haki ya kupewa cheti cha utumishi, kinachoitwa Arbeitszeugnis. Kwa desturi ya mahakama zao cheti hicho lazima kiwe na maneno ya hisani, hivyo waajiri wamejijengea msamiati wa siri ambao kila afisa ajira anausoma. Kikisema mtu alitimiza majukumu "daima kwa kuridhika kwetu kikamilifu kabisa," amepata alama ya juu. Kikisema tu "kwa kuridhika kwetu," ni alama ya kupita kwa shida. Kikisema "alijitahidi," ameanguka. Msomaji wa Kiswahili atuelewe hapo: neno "amejitahidi," ambalo kwetu ni sifa, kule ni hukumu. Mgeni hukibeba cheti hicho kwa fahari kutoka usaili hadi usaili, na hakuna anayemwambia kwa nini hapigiwi simu. Kinaweza kudaiwa kirekebishwe, hata mahakamani, lakini anayejua kudai ni yule anayejua kukisoma.

Kuna upande wa pili. Meneja wa Kiholanzi husema kosa lako mbele ya wote na kuamini amekuheshimu kwa ukweli. Meneja wa Kimarekani huanza na pongezi tatu, na kosa hulificha katikati kama dawa kwenye uji, kiasi kwamba mgeni hutoka akidhani mambo ni mazuri na wiki mbili baadaye anapewa barua ya onyo. Meneja wa Kijapani husema "ni vigumu kidogo," akimaanisha haiwezekani. Nasi tunao wetu: "sawa" yetu mara nyingi maana yake ni nimesikia, wala si nimekubali. Wakubwa wa kigeni huichukua kama ahadi.

Haya yanafundishika kwa saa mbili. Tunachokataa ni pale ofisi za rasilimali watu zinapoandika kwenye tathmini kwamba mfanyakazi mgeni "hachangii mikutanoni kwa sababu ya utamaduni wake wa heshima." Pimeni wenyewe. Mna kumbukumbu za wafanyakazi wa asili moja, baadhi wakiwa na vibali vilivyofungwa kwa mwajiri mmoja, baadhi wakiwa na ukaaji wa kudumu. Linganisheni nani huwasilisha malalamiko, nani hukataa zamu ya ziada, nani huomba nyongeza. Mkiona ni wenye ukaaji wa kudumu, basi msiuite ukimya wa wale wengine utamaduni.

5. Vyeti vya taaluma.

Kwa kifupi, maana mnayajua. Mnaajiri muuguzi kwa sababu ni muuguzi, kisha mnamlipa kama msaidizi hadi cheti chake kitambuliwe. Ujerumani njia hiyo hupitia mtihani wa ujuzi au kipindi cha mafunzo ya kujazia yaliyopungua, pamoja na lugha, kwa kawaida ngazi ya B2, yaani ya nne kati ya sita za kupima lugha Ulaya. Hatupingi mtihani. Tunapinga kutokuwa na tarehe ya mwisho, kwa sababu kila mwezi wa kuchelewa ni faida kwa anayelipa mshahara wa msaidizi na kupata mikono ya muuguzi. Kanada kwa miaka mingi ilidai "uzoefu wa Kanada," sharti ambalo mgeni hawezi kulitimiza kabla ya kuajiriwa. Jimbo la Ontario limewakataza waajiri wenye wafanyakazi 25 au zaidi kuliweka kwenye matangazo ya kazi kuanzia Januari 2026. Wengine waige.

Waheshimiwa, tunajua majibu mtakayotoa, kwa kuwa tumekwisha kuyapokea.

Mtasema mwajiri ametumia fedha kumleta mtu, kwa hiyo ana haki ya kuhakikishiwa atabaki. Mwajiri hutumia fedha pia kumfunza mzawa, na hakuna serikali inayomfungia mzawa mlango kwa ajili hiyo. Anachohitaji mwajiri ni mkataba wenye notisi inayoeleweka na mshahara unaomfanya mtu asitamani kuondoka. Gharama halali za ajira zinaweza kugawanywa: mwajiri mpya akampokea mtu, amlipe wa zamani sehemu iliyobaki kwa miezi.

Mtasema vibali huru vitawafanya watu wakimbie mashamba na nyumba za wazee kwenda mijini. Huenda baadhi wakahama. Basi hiyo ni taarifa kuhusu mishahara na hali ya kazi mashambani na kwenye nyumba za wazee, na dawa yake iko kwa anayelipa. Kazi isiyoweza kumweka mtu bila kumfunga haijapungukiwa watu, imepungukiwa malipo.

Mtasema njia za malalamiko zipo. Zipo. Uamuzi wake hutoka baada ya miezi, na mlalamikaji ana siku 60. Mtasema pia, na hili ndilo hutusikitisha, kwamba wanaokuja walijua masharti. Mkataba wa kwanza mtu husaini akiwa kwao, kwa lugha ya wakala. Wa pili husaini akiwa amefika, nyumba imekwisha kuuzwa na deni la safari linasubiri. Huyo hajachagua.

Wala hatuombi jambo geni. Mkataba namba 143 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1975, unasema katika ibara ya 8 kwamba mhamiaji aliyekaa nchini kihalali kwa ajili ya kazi asihesabiwe kuwa haramu kwa sababu tu amepoteza kazi hiyo. Nchi nyingi kubwa zinazopokea wafanyakazi hazijauridhia hadi leo. Umoja wa Ulaya, kwa sheria yake ya 2024 kuhusu kibali kimoja cha kuishi na kufanya kazi, umezipa nchi wanachama hadi Mei 2026 kumruhusu mfanyakazi kubadili mwajiri na kumpa angalau miezi 3 akikosa kazi, au 6 baada ya miaka 2. Kwa hiyo inawezekana, na imekwisha kuandikwa.

Tunaomba yafuatayo.

Kwa idara za uhamiaji: muda wa kutafuta kazi usiopungua siku 180, pamoja na ruhusa ya kufanya kazi ndani yake, na uhesabiwe tangu mfanyakazi anapopokea barua mkononi yenye tarehe ya mwisho. Mfanyakazi ahame kwa kutoa taarifa na aanze kazi siku taarifa ikipokelewa. Kosa la mwajiri, liwe la bima, kodi au leseni, lisifute kibali cha mfanyakazi. Ripoti ya kutoroka isiwe na nguvu yoyote mpaka mfanyakazi asikilizwe. Na mabadiliko hayo yawaguse wafanyakazi wa majumbani tangu siku ya kwanza, wasiachwe kusubiri awamu ya pili ambayo haifiki.

Kwa wizara za kazi: mkaguzi wa kazi asipeleke jina la mlalamikaji kwa maofisa wa uhamiaji, na sheria iseme hivyo wazi. Kumtishia mtu kwa viza yake liwe kosa la jinai, kama Australia ilivyofanya Julai 2024. Kifungu cha kurudisha gharama kisicho na ratiba ya kupungua kila mwezi kihesabiwe batili. Utambuzi wa cheti cha taaluma uwe na tarehe ya mwisho, na ikipita bila uamuzi, mtu alipwe mshahara wa taaluma yake.

Kwa wakurugenzi wa rasilimali watu, ambao hamhitaji bunge lolote kutunga sheria: kabla ya mtu kusaini, mpeni ukurasa mmoja kwa lugha anayoisoma. Uandikwe ana siku ngapi kazi ikiisha na zinaanza kuhesabiwa lini. Nani amelipa gharama ipi na ipi inaweza kudaiwa. Saa za kawaida ni ngapi na saa ya kwanza ya ziada inaanzia wapi. Likizo ni siku ngapi na nani huzikubali. Maneno ya tathmini yenu yana maana gani kwa alama. Na namba ya ofisi ya kulalamikia iliyo nje ya kampuni. Ukurasa huo huo mpeni meneja wake, ili ajue anayemwomba abaki hadi usiku hajibu kama mzawa anavyojibu.

Tunaomba jibu la maandishi kutoka kila ofisi ndani ya siku 60 tangu barua hii itoke, likieleza lipi limekubaliwa, lipi limekataliwa na kwa kifungu gani cha sheria. Majibu yatakayokuja tutayachapisha yote kama yalivyo.

Wenu kwa heshima,

Washauri wa mikataba na vibali vya wafanyakazi wahamiaji